Mwalimu wa Majina Matatu

Majina yake nayajua, yote matatu. Mwandiko wake uko kwenye kila ripoti yangu ya shule, chini upande wa kulia, na majina yamepigiwa mstari kwa rula. Lakini hapa nitamwita Mwalimu tu. Boito nzima, kijiji chetu, inamwita hivyo, kwa hiyo hajapungukiwa na kitu. Na mtu asije kuniambia ati nimezeeka nimesahau. Sijasahau.

Alivaa tai kila siku, hata akienda kukama. Asubuhi ungemkuta zizini na gambuti miguuni, tai ameitupa nyuma ya bega ili ng'ombe asiitafune, anakama huku akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya mtu anayegombana. Mkewe alikuwa anasema aliolewa na tai, mwanamume akaja akining'inia juu yake. Mwalimu hakucheka mizaha kama hiyo. Alicheka mara moja kwa muhula, na siku hiyo tulijua kuna mtu ataenda nyumbani analia.

Kitu alichokipenda kuliko vyote ni registaa. Aliifunika kwa gazeti, kisha kwa karatasi ya nailoni juu yake, na hakuna mwalimu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Akifika kwako unasimama, unataja majina matatu: la ubatizo, la nyumbani, na la baba. Ukitaja mawili, siku hiyo hukuja shule, hata kama umesimama mbele yake unapumua.

"Mtu wa jina moja ni ng'ombe," alituambia. "Na hata ng'ombe wangu wana mawili."

Siku yangu ya kwanza nilisema "Chepkoech" nikakaa. Akavua miwani.

"Chepkoech hapa ni wengi kuliko majani chai. Wewe ni Chepkoech nani?"

Sikujua. Nilikuwa mtoto wa miaka sita, nyumbani naitwa Chepkoech na chakula naletewa. Akaunyooshea mlango kidole. "Nenda ukaulize."

Nikakimbia kwetu, ng'ambo ya bonde, nalia njia nzima. Mama alikuwa ameenda kuchuma chai ya watu. Aliyekuwepo ni Kogo, ndivyo Wakipsigis tunavyomwita nyanya. Nilimwambia Mwalimu anataka kujua mimi ni nani. Alinipangusa pua kwa leso yake, akanitajia majina yangu polepole, akanirudisha hadi kwenye ua huku nikiyarudia. Halafu akasema, "Mwambie na langu pia, kama kuna nafasi."

Nilirudi nikayataja yangu matatu, nikawekewa alama. La Kogo sikulitaja. Nafasi haikuwepo.

Hakuwa mtu mbaya. Naandika hivyo na inaniuma, kwa sababu ingekuwa rahisi sana kama angekuwa mbaya. Nikiwa darasa la nne nilishikwa na malaria nikaanguka kwenye mstari wa asubuhi. Magari hayakuwa yanapita barabara yetu siku za mvua. Mwalimu alinifunga mgongoni mwake kwa koti lake la mvua, kama mama anavyofunga mtoto, akapanda baiskeli hadi hospitali ya Litein, na matope yale unayajua kama umewahi kukaa upande wetu. Alianguka mara mbili. Kila akianguka alianguka kwa kifua, mimi nibaki juu. Tai ilifika Litein ikiwa na rangi ya udongo. Alikaa kando ya kitanda changu mpaka mama akafika, akamwambia, "Huyu ni wa kusoma, msimwoze mapema," akaondoka.

Na chai je? Alikuwa mwenyekiti wa kituo chetu cha kupimia majani. Pale wakulima wanakuja na vikapu, majani yanamwagwa mezani, yanakaguliwa: majani mawili na kichipukizi, basi. Mwalimu alikagua kwa vidole kama anasaka chawa. Siku moja kikapu kilikuwa na majani magumu, matatu, manne kwenye kikonyo kimoja. Akauliza cha nani. Akauliza tena. Mkewe akainua mkono. Wanawake wote walikuwa wanaangalia. "Rudi nayo," akamwambia mkewe. "Hata Mungu hanywi chai ya majani manne." Mama wa watu akabeba kikapu chake, akapanda kilima. Watu wakasema, weee, huyu ndiye mtu mkweli, huyu hawezi kukuficha kitu hata kwa dawa. Mimi pia nilisema. Nilikua nikiamini kwamba Mwalimu na uongo hawajawahi kukutana njiani.

Ila tungekuwa na akili tungeona. Shuleni alipiga marufuku Kikipsigis. Ukikosea ukatoa neno moja unavishwa kibao shingoni, unatembea nacho mpaka umpate mwingine aliyekosea. Lakini Jumamosi moja ng'ombe wake waliingia kwenye chai yake changa, na yale maneno yaliyotoka kinywani mwake hayakuwa Kiingereza, wala hayakuwa ya kanisa. Tulikuwa watano nyuma ya ua. Tulicheka tukajikojolea. Jumatatu akamvisha kibao msichana aliyesema "yeyo" baada ya kuumia goti, yaani alimwita mamake.

Sasa nikueleze habari ya kibuyu, maana bila hiyo hujui ninagombana na nini.

Mama yangu alipofika umri wa shule, Mwalimu ndiyo alikuwa kijana, ametoka tu kusomea ualimu, na shule ilikuwa chini ya kanisa. Akapita nyumba kwa nyumba na mzungu wa misheni, wakisema mtoto wa nyumba yenye vitu vya giza hatapata dawati. Vitu vya giza ni nini? Mirija ya pombe. Hirizi. Na kitu chochote chenye simbi, zile kombe nyeupe ndogo, kwa sababu mzungu alikuwa ameona mganga mmoja amezivaa akaamua ni za shetani.

Kogo alikuwa na kibuyu cha mursik. Maziwa tu, jamani! Unakisafisha ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, unaweka maziwa, yanalala siku kadhaa yanakuwa mazito, yana weusi kidogo, unampa mtoto, mgeni, mtu anayetoka safari. Kibuyu chake alipewa na mamake siku anaolewa, na mkanda wake wa ngozi ulikuwa na simbi sita. Kilikuwa kimepasuka zamani na mamake akakishona, mishono saba, na mahali simbi ya saba ilikuwa imedondoka alishonea shanga ya buluu. Kogo alinieleza mara nyingi hata naweza kukichora: mishono saba, simbi sita, shanga moja.

Alikipeleka mwenyewe. Hakuna aliyemshurutisha kwa mkono. Alikibeba hadi kanisani, akakiweka kwenye rundo pamoja na vya wenzake, akasema, "Sasa mwandikeni mtoto wangu." Mwalimu akamwandika mama kwenye registaa. Majina matatu. Jioni moto ukawashwa nyuma ya kanisa, watu wakaimba. Kogo hakwenda kuangalia. Alisema aliona moshi kutoka kwetu, na kwamba ulikuwa mwingi kuliko alivyotarajia.

Mama akasoma hadi darasa la saba. Kwa sababu amesoma, akanisomesha mimi. Kwa sababu nimesoma, niko Marekani. Kwa hivyo usinione mtu asiye na shukrani, njia yangu yote imepita kwenye moto ule.

Kogo hakuwahi kuwa na kibuyu chake tena. Alikuwa anaazima. Alisema maziwa yakiwekwa kwenye kibuyu cha mwingine hayaujui mkono wako. Kanisani alikuja kila wiki akakaa benchi la nyuma, ila ubatizo alikataa mpaka anakufa. Akiulizwa anasema alishalipa kiingilio. Na Mwalimu, sikiliza hii, Mwalimu alikuja kwetu kila Jumapili ya kwanza ya mwezi baada ya ibada. Alikaa kwenye kiti cha babu, akaweka kofia gotini, akasema, "Mama, leo mursik ipo?"

Na Kogo akasema, "Mwalimu, nitaiweka wapi? Sina kibuyu."

Akatabasamu. "Mungu atakupa kingine." Kisha akaletewa chai.

Miaka na miaka, maneno yaleyale. Sisi tuliona ni utani wa wazee. Kogo alikufa baada ya mimi kuondoka, nikazikiwa nyanya kwa simu. Kiti cha mbele Mwalimu ndiye alikaa, na akaomba vizuri sana, walisema.

Ninafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, katika mji mdogo wa Marekani ambao unaumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Mahindi kila upande, kwa hilo ni kama kwetu Bomet, ila hakuna mtu shambani. Alhamisi moja tulipeleka wazee sita kwenye makumbusho ya mji. Zamani ilikuwa stesheni ya reli. Mimi nilikuwa nasukuma bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu, mtu wa maneno mengi, alizaliwa hapohapo.

Nilipenda mahali pale, nisikudanganye. Wale watu wanatunza. Gauni ya arusi, na kadi yake: ilivaliwa na fulani binti fulani. Kiatu kimoja cha mtoto, kadi: cha fulani, alikuwa wa fulani. Chupa za duka la dawa, jina la mwenye duka. Kulikuwa na ukanda wa mbwa wa wazimamoto, mbwa aliyekufa kabla hata ya huyo bibi kuzaliwa, na jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Nikajiambia, ona, hawa nao ni watu wa Mwalimu. Majina, majina.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha wenyeji wa mji ule waliotoka kwenda kueneza injili. Ngoma, ngozi ya chui, picha za watu wetu wakiwa wamekunja nyuso juani. Na kwenye kabati la kioo, kibuyu.

Nilihesabu mishono. Saba. Nikahesabu simbi. Sita. Shanga ya buluu ilikuwa upande wa ukutani, na wameweka kioo nyuma, nikaiona kwenye kioo pamoja na uso wangu.

Kadi ilisema: kibuyu cha pombe cha mganga wa kienyeji, Kericho, Afrika Mashariki. Mwenyewe hajulikani. Zawadi ya familia ya mmisionari.

Ningeweza kusema labda nimekosea, vibuyu viko vingi. Lakini shingoni mwake kulikuwa na kikaratasi kigumu kimefungwa kwa uzi, wino umefifia: Boito, Na. 14. Ile B yenye mkia, ile nne iliyoachwa wazi juu, mstari chini umepigwa kwa rula. Nimebeba mwandiko ule nyumbani kila mwisho wa muhula miaka minane.

Nilitoa neno la Kikipsigis ambalo lingenivisha kibao wiki nzima.

"Ni nini?" bibi akauliza. "Ni cha bia?"

"Ni cha maziwa," nikamwambia. "Cha nyanya yangu."

Akaangalia kadi, akaniangalia mimi. "Basi kwa nini wameandika hivyo?" Akaanza kuita mhusika kwa sauti mpaka akaja, mama mmoja wa kujitolea mwenye sweta. Wakati huo nilikuwa nimekaa sakafuni. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, naye hakunidharau. Alisema kadi inaweza kubadilishwa, jina linaweza kuandikwa, hata habari ya kukirudisha inaweza kuletwa mezani. Ila lazima iwepo barua ya mtu aliyekuwepo kilipotolewa. Shahidi. Je, yuko aliye hai?

Yuko, nikasema. Mmoja.

Nilirudi Boito Desemba. Nilipanda boda kutoka Litein, na tangu Litein nilikuwa nimeshika simu yenye picha kama nimeshika yai. Mwalimu alikuwa verandani, amefunikwa blanketi, tai juu ya sweta. Mke alishatangulia. Ng'ombe wamebaki wawili na anawakama mtu mwingine.

"Chamgei, Mwalimu."

"Chamgei mising. Wewe ni nani?"

Nikasimama nikataja yote matatu. Akatabasamu. Haki, nilijisikia vizuri, na nikajichukia kwa hilo.

Nilimpa simu. Aliiangalia muda mrefu, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Na. 14," akasema. "Wamekitunza vizuri."

"Mwalimu, kilichomwa. Mlisema mmechoma."

"Vingine tulichoma. Hicho kilikuwa kizuri. Mzungu alitaka vitu vya kupeleka kwao, mimi nikachagua, nikaandika namba. Motoni niliweka badala yake kibuyu cha kuchotea maji cha shule." Alisema bila aibu, kama anasoma ripoti. "Fikiri wewe mwenyewe, msichana. Ningekichoma, ungekiona wapi leo? Nyumba zenu zilivuja. Kingeoza. Panya wangekula."

"Kogo alikufa akijua ni majivu."

"Watu wamekufa wakijua mambo mabaya zaidi."

"Ulikuja kwetu kila mwezi! Ulimwomba mursik!"

Akanirudishia simu. Kuku walipita. Halafu akasema jambo ambalo naamini ndilo la kweli pekee alilosema siku hiyo. "Ningemwambia, angekitaka."

Sikuenda kule kupigana na mzee wa miaka hiyo. Nilimweleza habari ya kadi na barua. Nilidhani atakataa. Wapi! Uso ulimwaka.

"Wanataka barua yangu? Kule Marekani?" Nikataka kumpa kalamu palepale, akanipiga mkono. "Barua siyo orodha ya sukari. Njoo Jumanne."

Jumanne nilimkuta amevaa koti. Barua ilikuwa tayari, kurasa mbili pande zote, na mwandiko, jamani, mwandiko ulikuwa uleule, mkono wake ulitetemeka kwenye kikombe lakini kwenye karatasi haukutetemeka. Nilisoma nimesimama. Mimi, mwanzilishi wa elimu Boito. Mimi, niliyewatoa watu gizani. Mimi, niliyekusanya, nikachagua, nikahifadhi urithi wa watu wangu wakati wenyewe hawakujua thamani yake. Majina yake matatu yalitokea mara tano. Mwisho wa ukurasa wa pili kulikuwa na kibuyu: nilikipokea kutoka kwa mama mmoja wa Boito.

"Mwalimu," nikasema, "hapa. Mama mmoja. Weka jina."

"Ah. Yule alikuwa mke wa..." Akamtaja babu yangu. Akamtaja kwa majina yake matatu, bila kufikiri, na ukoo akaongeza.

"Hilo ni la mumewe. Yeye?"

Aliangalia chai iliyo ng'ambo ya barabara. Mtu huyu alijua registaa za madarasa arobaini kwa kichwa. Nilikuwa nimejiandaa aniambie amesahau, ni mzee, ningemsamehe.

"Sikusahau," akasema. "Sikuwahi kuuliza. Hakubatizwa. Wapi ningeliandika?"

Nikamtajia mimi. Nilimtajia polepole, kama nilivyotajiwa yangu. Akachukua kalamu, na wallahi nilidhani ataandika. Akageuza karatasi huku na huku. Ilikuwa imejaa hadi pembeni.

"Nafasi haipo," akasema. "Nitaharibu mwandiko."

"Andika juu. Andika kando, Mwalimu, popote."

"Barua haichorwi-chorwi hivyo." Akaikunja mara tatu, akanishikisha mkononi. "Na waambie waandike majina yangu vizuri. Yote matatu. Hao watu hukosea."

Nilimuaga kwa heshima, kwa mikono miwili, maana ndivyo Kogo alinilea. Barua ninayo hapa, chini ya simu yangu, na sijaituma, wala sitaituma. Nimewaandikia watu wa makumbusho hii badala yake, nitaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, na wakisema si ushahidi basi waseme. Karatasi yangu bado ina nafasi tele. Kibuyu ni cha Tapkigen, binti wa Mutai, wa Boito. Kilikuwa cha maziwa.